Mwongozo kamili: kulitambua, kulifungua na kulihariri faili la mipangilio ya sheli

Swali linalorudi kila mara lina sura hii: mtu amesakinisha programu, ameambiwa "ongeza mstari huu kwenye .bashrc", ameuongeza, kisha terminali inamjibu `command not found` kana kwamba hakufanya lolote. Anauandika tena. Anaupeleka kwenye faili jingine aliloliona YouTube. Mwishowe ana mafaili manne yenye mstari ule ule, na programu bado haionekani.

Mara nyingi mstari hauna kosa. Kosa ni faili. Sheli haisomi kila faili linalofanana na jina lake; husoma machache, kwa mfuatano wake, na hutegemea ilivyofunguliwa. Ndiyo maana hapa hatutafungua faili lolote mpaka tujue tunazungumza na sheli gani na inasoma nini.

Kwa asiyezoea maneno haya: terminali ni dirisha, na sheli ni programu iliyo ndani ya dirisha hilo inayopokea amri zako na kuzitekeleza. Faili la mipangilio ni maandishi ya kawaida yenye amri ambazo sheli huzitekeleza yenyewe kabla ya kukupa nafasi ya kuandika. Hakuna zaidi ya hapo. Chochote unachoweza kuandika kwenye terminali unaweza kukiweka ndani ya faili hilo, kiwe kizuri au kibaya.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Ubuntu au Linux nyingine, au Mac, au Windows iliyowekewa WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) au Git Bash (bash ya Windows). PowerShell, sheli ya Windows yenyewe, ina utaratibu wake na haimo humu.
- Kihariri cha maandishi matupu. Tutatumia `nano`. Word hapana, LibreOffice Writer hapana, na TextEdit ya Mac nayo uiache: hupenda kuzipinda alama za nukuu, na sheli haizitambui zilizopinda.
- Akaunti yako ya kawaida. Huhitaji `sudo` (amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi, `root`) hata mara moja kwa kazi hii, na baadaye utaona kwa nini kuitumia huleta matatizo.
- Madirisha mawili ya terminali yaliyo wazi. Moja la kufanyia kazi, la pili usiliguse mpaka mwisho. Ukiharibu faili, dirisha la pili bado lina mipangilio ya zamani kichwani na ndilo utakalotumia kurekebisha.

## Hatua ya 1: Jua unazungumza na sheli gani

Andika:

```
ps -p $$
```

Utapata kitu kama hiki:

```
    PID TTY          TIME CMD
   2417 pts/0    00:00:00 bash
```

Neno la mwisho ndilo jibu. Kwenye Mac huenda ukaona `-zsh`, yenye kistari mbele. Kistari hicho kina maana, usikisahau: kinasema hii ni sheli ya kuingilia, ile inayoanza kana kwamba umeingia upya kwenye akaunti. Tutakihitaji katika hatua inayofuata.

Wengi hufundishwa `echo $SHELL`. Amri hiyo hukuonyesha sheli iliyosajiliwa kwenye akaunti yako, ambayo si lazima iwe hii iliyo mbele yako sasa. Kama umeandika `bash` ukiwa ndani ya zsh, `$SHELL` itaendelea kusema zsh, nawe utahariri faili lisilohusika.

Kwa wenye Mac: tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, akaunti mpya hupewa zsh. Akaunti ya zamani iliyopandishwa toleo inaweza kuwa imebaki na bash. Mafunzo mengi ya mtandaoni yaliyorekodiwa kabla ya hapo yanasema "fungua .bash_profile", na mwanafunzi mwenye Mac mpya anayafuata neno kwa neno bila kupata matokeo.

Umefaulu ukiwa unaweza kutamka neno moja: bash, au zsh. Ukiona `fish`, mwongozo huu haukufai, kwa sababu fish ina faili lake na namna yake ya kuandika.

## Hatua ya 2: Jua sheli hiyo husoma faili gani

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tukae kidogo.

### Kama ni bash

Bash ina njia mbili za kuanza. Ikianza kama sheli ya kuingilia, kwa mfano unapoingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kupitia mtandao), husoma `/etc/profile`, halafu hutafuta mafaili haya matatu kwa mfuatano huu:

1. `~/.bash_profile`
2. `~/.bash_login`
3. `~/.profile`

Likipatikana moja, husoma hilo tu. Mengine hayatazamwi.

Ikianza kwa njia ya pili, yaani umebofya ikoni ya terminali kwenye Ubuntu, haiyagusi hayo matatu. Husoma `~/.bashrc`.

Sasa tazama mtego wenyewe. Ubuntu huja na `.profile`, na ndani yake mna mistari michache inayoliita `.bashrc`. Kwa hiyo ukiingia kwa SSH au ukiketi mbele ya kompyuta, `.bashrc` linasomwa. Kisha siku moja programu fulani, au wewe mwenyewe kwa ushauri wa mtu, mnaunda `.bash_profile`. Bash ikiingia inaliona hilo la kwanza, inalisoma, inaishia hapo. `.profile` limeachwa, na kwa kuwa ndilo lililokuwa likiliita `.bashrc`, nalo limeachwa. Hutaona ujumbe wowote wa kosa. Mipangilio inafanya kazi ukiwa mezani, inatoweka ukiingia kwa SSH, na unaanza kuilaumu seva.

Kama unalo `.bash_profile` kwenye Ubuntu na unalihitaji, weka mstari huu ndani yake:

```
if [ -f ~/.profile ]; then . ~/.profile; fi
```

Kama hulihitaji, hamishia mistari yake kwenye `.bashrc` kisha lifute.

### Kama ni zsh

Zsh ina adabu zaidi. Husoma `~/.zshenv` kila inapoanza, hata inapoendesha skripti (faili la amri zinazotekelezwa mfululizo). Ikiwa ni sheli ya kuingilia huongeza `~/.zprofile`. Ikiwa ni ya kuzungumza na mtu husoma `~/.zshrc`, na mwishoni, kama ni ya kuingilia, `~/.zlogin`. Faili moja halizuii jingine: yakiwepo yote na masharti yakitimia, yote yanasomwa.

Terminali ya Mac hufungua kila dirisha kama sheli ya kuingilia (ndicho kile kistari cha `-zsh`), kwa hiyo `.zprofile` na `.zshrc` yote mawili husomwa. Homebrew (programu ya kusakinishia programu nyingine), kwa mfano, ikimaliza kusakinishwa kwenye Mac zenye chipu za Apple, hukupa mistari ya kubandika ambayo huandika hii ndani ya `.zprofile`:

```
eval "$(/opt/homebrew/bin/brew shellenv)"
```

Watu huiruka kwa sababu imeandikwa chini kabisa, baada ya maneno mengi. Kisha `zsh: command not found: brew`.

### Nikikufupishia

- Ubuntu, Debian na WSL: fungua `~/.bashrc`.
- Mac yenye zsh: fungua `~/.zshrc`.
- Mac yenye bash: fungua `~/.bash_profile`, maana kila dirisha ni la kuingilia na `.bashrc` haliguswi.
- Git Bash ya Windows: andika kwenye `~/.bashrc`. Ikiona huna `.bash_profile` itakuonya, kisha itakutengenezea lenye mstari wa kuliita `.bashrc`. Onyo hilo linatisha zaidi ya linavyostahili.

Yapo pia mafaili ya mfumo mzima, kama `/etc/profile`, `/etc/bash.bashrc` na `/etc/zshrc`. Yanamhusu kila mtumiaji wa kompyuta. Yaache.

## Hatua ya 3: Angalia kama faili lipo

```
ls -la ~
```

Alama `~` inamaanisha folda yako ya nyumbani: `/home/jina` kwenye Linux, `/Users/jina` kwenye Mac, na `C:\Users\jina` kwa Git Bash. Herufi `a` ndani ya `-la` ndiyo inayofichua mafaili yaliyofichwa, yaani kila faili ambalo jina lake linaanza na nukta. Bila hiyo `a`, `.bashrc` halionekani hata kama lipo.

Ukipenda kutazama kwa kipanya, bonyeza Ctrl+H kwenye kivinjari cha mafaili cha Ubuntu, au Command+Shift+nukta kwenye Finder ya Mac. Mafaili yatatokea, ukibonyeza tena yatajificha.

Kwenye Mac huenda usilikute `.zshrc` kabisa. Si kosa, na kompyuta haijaharibika: mfumo haukuundii faili hilo. Liunde:

```
touch ~/.zshrc
```

`touch` ikilikuta faili tayari lipo hailifuti yaliyomo, kwa hiyo ni salama. Usiliunde kwa Notepad: mara nyingi hupachika `.txt` mwishoni, ukabaki na `.bashrc.txt` ambalo hakuna sheli itakayolisoma.

Umefaulu ikiwa `ls -l ~/.zshrc` (au `~/.bashrc`) inakupa mstari mmoja wenye jina lako kama mmiliki. Ukiona `root` mahali pa jina lako, nenda kwanza sehemu ya matatizo hapo chini.

## Hatua ya 4: Toa nakala ya akiba

```
cp ~/.bashrc ~/.bashrc.akiba
```

Mwenye zsh abadilishe jina. Amri hii isipokujibu kitu, imefanikiwa. Fanya hivi hata kama unaongeza neno moja. Faili hili husomwa kila unapofungua dirisha, kwa hiyo kosa lake hukufuata kila dirisha.

## Hatua ya 5: Soma kabla ya kuandika

```
less ~/.bashrc
```

Teremka kwa mishale, toka kwa herufi `q`. Ukiwa ndani ya `less` huwezi kuharibu chochote.

`.bashrc` la Ubuntu lina mistari zaidi ya 100 na humkatisha tamaa mgeni, lakini sehemu kubwa ni maelezo. Kila mstari unaoanza na alama ya reli (`#`) sheli inauruka. Yanayobaki ni aina tatu au nne tu.

Kuna vigeu, kama `HISTSIZE=1000`, kinachosema sheli ikumbuke amri ngapi. Kuna majina ya mkato, kama `alias ll='ls -alF'`, ndiyo maana `ll` inafanya kazi kwenye Ubuntu bila wewe kuifundisha. Kuna masharti yanayoanza na `if` na kufungwa na `fi`. Na karibu kabisa na juu mna kipande hiki:

```
case $- in
    *i*) ;;
      *) return;;
esac
```

Kinasema: kama hakuna mtu anayezungumza na sheli, ishia hapa. Ndicho kinachofanya chochote ulichokiweka chini yake kisionekane na skripti zinazoendeshwa kutoka mbali. Usikifute. Kinazuia balaa nitakayoieleza kwenye hatua ya 8.

## Hatua ya 6: Fungua na uongeze mstari

```
nano ~/.bashrc
```

Ona hakuna `sudo`. Teremka hadi mwisho wa faili. Tunaandika mwishoni kwa sababu sheli husoma toka juu kwenda chini, na neno la mwisho ndilo linaloshinda.

Anza na mstari usioweza kudhuru:

```
alias sasa='date "+%H:%M %Z"'
```

Kisha Ctrl+O kuhifadhi, Enter kukubali jina la faili, Ctrl+X kutoka. Kwenye Mac pia ni Ctrl, si Command.

Kwa nini tusianze na ule mstari wa PATH uliokuleta hapa, ambao tutaueleza hapo chini? Kwa sababu `sasa` ikifanya kazi, umethibitisha kwamba faili ndilo lenyewe na linasomwa. Ikigoma, umejua tatizo ni faili kabla hujaingiza mstari mgumu. Jaribio hili la dakika moja lingeokoa nusu ya maswali ninayoyaona.

### Kuandika PATH bila kuivunja

PATH ni orodha ya folda zinazotenganishwa kwa nukta mbili. Ukiandika jina la programu, sheli hupita folda hizo moja baada ya nyingine na kusimama inapoikuta mara ya kwanza. Folda isiyo kwenye orodha haitafutwi, hata kama programu imelala humo tangu jana.

Mstari wa kawaida ni huu:

```
export PATH="$HOME/.local/bin:$PATH"
```

Usome kwa vipande. `export` huufanya ufike hadi kwenye programu utakazozianzisha. `$HOME/.local/bin` ni folda mpya, nayo iko mbele ili itafutwe kwanza. `$PATH` ya mwisho ni orodha ya zamani yote. Ukiisahau hiyo `$PATH`, umefuta orodha nzima na kubakiza folda moja, na sheli haitaijua tena hata `ls`.

Makosa mengine yanayojirudia:

Nafasi kando ya alama ya sawasawa. `export PATH = "..."` haikubaliki. Bash itasema `not a valid identifier`, zsh itasema `bad assignment`. Hakuna nafasi upande wowote.

Nukuu moja badala ya mbili. Ndani ya `'...'` alama ya dola hupoteza nguvu, kwa hiyo `'$HOME/bin'` ni folda yenye jina la ajabu `$HOME`, si nyumbani kwako. Kwenye PATH tumia `"..."`, na andika `$HOME` badala ya `~`, kwa kuwa `~` ikiwa ndani ya nukuu haifunguki.

Nukuu zilizopinda. Huyu ndiye mwizi wa muda mkubwa kuliko wote. Amri iliyochapwa kwa simu na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, au iliyonakiliwa kutoka PDF ya mhadhiri, mara nyingi huja na nukuu za kitabuni. Kwa macho zinafanana. Zitafute hivi:

```
grep -n '[“”‘’]' ~/.bashrc
```

Ikikupa mistari, futa nukuu hizo na uzichape upya kwa kibodi yako.

Mshale mmoja. Ukitumia `echo` kuongeza mstari, ni `>>`, mishale miwili. Mshale mmoja `>` hufuta faili zima kisha huandika mstari wako peke yake. Hauulizi.

Wenye kuhudumia seva wataipenda pia hii:

```
export TZ=Africa/Dar_es_Salaam
```

Seva nyingi huwekwa kwenye saa za UTC, ambazo ziko saa 3 nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi. Kwa mstari huu unaziona saa za nyumbani bila kubadili mipangilio ya seva nzima. Aliye Bujumbura aandike `Africa/Bujumbura`, aliye Muscat aandike `Asia/Muscat`. Jaribu kwa `date`: kwa Dar es Salaam utaona herufi EAT. Kwenye Linux, ukikosea tahajia ya jina hutapata onyo. Utapewa saa za UTC, na pale penye EAT utakuta neno `Africa`. Ukiliona hilo, rudi uhakiki jina.

## Hatua ya 7: Kagua, kisha lipakie

Usikimbilie kufunga dirisha. Kwanza:

```
bash -n ~/.bashrc
```

Mwenye zsh: `zsh -n ~/.zshrc`. Sheli inalisoma faili na kukagua sarufi bila kutekeleza kitu. Kimya ni habari njema. Ukiona `unexpected EOF while looking for matching`, kuna nukuu uliyoifungua hukuifunga. Nambari ya mstari inayotajwa si ya kuaminiwa sana. Anza na mistari uliyoiongeza wewe, kutoka chini kwenda juu. Ukaguzi huu haukamati folda isiyokuwepo wala nukuu zilizopinda.

Kisha:

```
source ~/.bashrc
```

Bila amri hii, dirisha ulilomo linaendelea na mipangilio liliyosoma lilipofunguka. Kuhifadhi faili peke yake hakubadili kitu kwenye dirisha lililo wazi, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa mapema.

`source` ina upungufu wake: huongeza, haiondoi. Ukifuta jina la mkato kwenye faili kisha ukaandika `source`, jina hilo bado lipo kwenye dirisha hilo. Kwa hiyo jaribio la haki ni dirisha jipya kabisa.

Umefaulu ikiwa kwenye dirisha jipya `sasa` inakupa saa, na kwa PATH:

```
echo $PATH | tr ':' '\n'
type -a python3
```

Amri ya kwanza inapanga folda moja kwa kila mstari, tafuta yako. Ya pili inaonyesha kila `python3` inayopatikana, ya juu ndiyo itakayotumika. Badili jina uweke la programu yako. Kama folda ipo kwenye orodha na programu haipatikani, hapo tatizo si faili la mipangilio tena. Programu haikusakinishwa, au iko folda nyingine.

Kwa Ubuntu kuna jambo dogo la kukumbuka. `.profile` lake huiongeza `~/.local/bin` lenyewe, ila kwa sharti kwamba folda iwepo wakati unaingia kwenye akaunti. Ukisakinisha kitu kwa `pipx` (kisakinishi cha programu za Python) kwa mara ya kwanza, folda huundwa ukiwa tayari umeingia. Mara nyingine dawa ni kutoka kwenye akaunti na kuingia tena, bila kuhariri faili lolote.

## Hatua ya 8: Bado halisomwi? Lifanye liseme

Badala ya kubahatisha, weka mstari huu juu kabisa ya kila faili unalolishuku, kila moja na jina lake:

```
echo "nimepita .zprofile"
```

Fungua dirisha jipya. Mac yenye zsh itakujibu:

```
nimepita .zprofile
nimepita .zshrc
```

Faili lisilojitaja halisomwi, basi. Fungua pia kwa SSH kama unaitumia, na ndani ya tmux (programu ya kugawa terminali moja kuwa kadhaa), ambayo kwa kawaida yake hufungua sheli za kuingilia hata kama dirisha lako si la kuingilia. Utaona orodha zikitofautiana, na utajua mstari wako uende wapi.

Ukimaliza, ziondoe `echo` zote. Ukiziacha juu ya kile kipande cha `case`, zitachapisha maneno hata pale `scp`, `sftp` au `rsync` (programu za kuhamisha mafaili) zinapoingia kwenye mashine hiyo, na programu hizo hazitegemei kusalimiwa. `sftp` hulalamika `Received message too long` na kukata. Mtu anaweza kutafuta chanzo kwenye mtandao na kwenye ngome za seva siku nzima, kumbe ni salamu.

## Mambo yakiharibika

Kila amri inasema `command not found`, hata `ls`. Umeifuta PATH. Kwenye dirisha hilo hilo andika:

```
export PATH=/usr/bin:/bin:/usr/sbin:/sbin
```

Amri zitarudi kwa muda. Fungua faili kwa `nano`, sahihisha, rudia hatua ya 7.

Dirisha linafunguka na kujifunga papo hapo. Huenda kuna `exit` ndani ya faili. Tumia lile dirisha la pili. Kama umelifunga, fungua kivinjari cha mafaili, onyesha yaliyofichwa, badili jina la faili liwe `bashrc-bovu`, kisha fungua terminali. Kwenye WSL, toka PowerShell andika `wsl -e bash --norc`: bash itafunguka bila kusoma `.bashrc`.

Umeharibu kiasi cha kutojua pa kuanzia. Rudisha akiba:

```
cp ~/.bashrc.akiba ~/.bashrc
```

Huna akiba? Ubuntu huhifadhi `.bashrc` safi, lile lile alilopewa kila mtumiaji mpya:

```
cp /etc/skel/.bashrc ~/.bashrc
```

Mwenye Mac anaweza kulibadili jina `.zshrc` na kuendelea bila hilo. Mfumo hautegemei liwepo.

`$'\r': command not found`. Faili limehaririwa na programu ya Windows iliyoacha herufi zisizoonekana mwishoni mwa mistari. Ndani ya WSL au Git Bash:

```
sed -i 's/\r$//' ~/.bashrc
```

`Permission denied` ukitaka kuhifadhi faili lako mwenyewe. Faili liliundwa kwa `sudo nano`, na mmiliki wake sasa ni `root`. Hii ndiyo sababu ya kuikataa `sudo` tangu mwanzo, ingawa hapa tutaikopa mara moja ili kurekebisha:

```
sudo chown $USER ~/.zshrc
```

## Usiyoyaweka humo

Nywila, funguo za API, tokeni za malipo. Watu huyapenda mafaili haya kiasi cha kuyapandisha GitHub ili wayatumie kwenye kompyuta nyingine, na siri zikapanda nayo. Kama lazima zisomwe na sheli, ziweke kwenye faili la pembeni, mathalani `~/.siri`, lifunge kwa `chmod 600 ~/.siri`, kisha uliite kutoka `.bashrc` kwa `. ~/.siri`. Faili hilo la pembeni lisipande popote.

Amri nzito nazo ziache. Kinachochukua sekunde tatu humo utakilipia kila unapofungua dirisha.

Na kama mstari wako ni kwa ajili ya kazi ya cron (programu inayoendesha amri kwa ratiba), umekuja mlango usio wake. Cron haisomi `.bashrc` wala `.zshrc`, na PATH yake ni fupi sana. Ndani ya crontab, faili la ratiba yake, andika njia nzima ya programu kuanzia `/`, kama `/home/jina/.local/bin/programu`, nayo itapatikana.